Ng'ombe Hajachomwa Mkuki

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefika Lodwar na vumbi hadi kwenye meno. Kidole gumba bado nimekifunga kitambaa. Longor, mwanaume ninayeishi naye, alikikunja kwa nyuma mpaka kikalia, akasema tuone kama sasa utashona. Nashona! Polepole, lakini nashona.

Leo nimeenda kuomba talaka. Sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti, na mara ya kwanza nimelitamkia dirishani pa korti, kwa karani kijana mwenye tai. Aliniuliza swali moja tu: umeolewa? Nikamjibu kama nilivyolelewa. Hapana. Ng'ombe hajachomwa mkuki.

Akaniangalia kidogo. Akasema asiyeolewa haachwi, mama, rudi nyumbani.

Miaka yote ile — kumpikia, kumfulia, ngumi zake, kumzaa binti yetu Nabei — halafu nanyimwa talaka kwa kusema kweli. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Haya, Mungu na anione basi.

Jumatano, 5 Februari

Sikurudi. Nimelala kwa Sally, rafiki yangu wa kwaya, siku hizi anauza chapati karibu na soko. Nilipomsimulia habari ya dirishani alicheka mpaka akaacha chapati iungue. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa wakili asiyelipisha. Mwanamke, anaitwa Wanjugu.

Huyu hakuuliza kama nimeolewa. Aliuliza kama watu wa Longor walipeleka chochote kwa baba. Nikasema walipeleka mbuzi na ngamia mmoja mzee, baba akapokea. Ng'ombe wa harusi aliahidiwa. Ukaja ukame, baba akafa, ahadi ikafa naye. Kwetu mpaka bwana amchome huyo ng'ombe katika boma la baba yako, wewe bado ni msichana wa watu, hata ukiwa na mvi.

Wakili akaweka kalamu chini. "Mama Nabei, sheria haingoji ng'ombe. Mahari hata kidogo ikipokewa, inatosha kuonyesha kuna ndoa. Wewe umeolewa."

Nikalia. Kulia kwa furaha kwamba nimeolewa na Longor! Dunia hii ina vituko.

Akanieleza taratibu. Kupigwa ni sababu ya kutosha ya korti kuvunja ndoa. Na Nabei korti haitamgawa kwa kuhesabu mifugo, itaangalia yuko salama wapi. Nilimwomba alirudie hilo la mwisho. Akalirudia.

Ila anataka mtu aliyeona mbuzi wakiingia. Mama naye alishafariki. Amebaki kaka yangu Amuria, kule Lopur, kwenye boma la baba.

Jumamosi, 8 Februari

Lopur. Jana nilimpitia Nabei shuleni Kakuma nikaja naye, simwachi tena nyumbani peke yake na babake.

Salamu, ejok, ejok, chai, habari za mvua isiyokuja. Halafu nikamwambia Amuria shida yangu. Akatema tumbaku. "Mbuzi gani? Mimi sijaona mbuzi. Ng'ombe haijachomwa, hii mtoto ni yetu."

Na alimtazama Nabei. Ametoka shule na sare niliyomshonea mwenyewe, na mjomba wake anamkagua kama yuko mnadani.

Nimeelewa sasa. Nikiwa nimeolewa, mahari ya Nabei italiwa na Longor. Kama sijaolewa, italiwa na Amuria. Hakuna anayeuliza kama amemaliza gredi ya saba. Fahali wawili wanapigana, na nyasi ni mtoto wangu.

Jumatatu, 10 Februari

Kakuma, nyumbani. Nimeshona suruali moja siku nzima. Jirani yangu Nyachuol, wa kutoka Sudan Kusini, amesema kwao pia ni ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Amenikandia kidole kwa maji ya chumvi.

Alhamisi, 13 Februari

Longor amesikia kwamba natafuta shahidi. Nilingoja kipigo. Amekuja na sukari!

Afadhali angenipiga, kipigo nakijua. Amekaa chini, ameongea kwa upole, eti amekosa, eti anataka kumaliza desturi kama mwanaume. Ng'ombe amepatikana, Jumamosi twende Lopur.

Amepatikana wapi, na lori analoendesha si lake? Nabei ndiye aliyemsikia kwenye simu. Kuna mfanyabiashara wa mifugo anatafuta mke mdogo. Ndiye mwenye ng'ombe. Yaani Longor ananioa kwa mahari ya binti yangu.

Nimempigia wakili. Amesema usiende, na mtoto wa umri huo haozwi, ni kosa la jinai, atapeleka habari polisi.

Ijumaa, 14 Februari

Alimchukua shuleni saa ya uji. Amempeleka Lopur kwa lori. Mwalimu anasema ni babake, angemzuiaje?

Naenda.

Jumamosi, 15 Februari

Niko ndani ya kibanda cha marehemu mama. Naandika upesi.

Asubuhi wazee wamekaa, na Emanikor, mzee wa kijiji, katikati yao. Amuria alitaka aongezewe mifugo kabla ya kukubali. Tamaa ilimpanda, akasimama. "Hii ng'ombe ni ya kumaliza tu. Mwanzo Longor alileta mbuzi na ngamia moja, baba yetu akakula. Mimi mwenyewe nilichunga hizo mbuzi, na sijakula kitu."

Kaka yangu! Yule ambaye hajawahi kuona mbuzi! Amesema mbele ya watu wote, na Emanikor akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye anawakumbuka.

Nimemwandikia wakili. Mtandao huku ni wa kubahatisha, lakini jibu limeingia: Hiyo inatosha kabisa, majina ya waliosikia tutayachukua baadaye. Polisi wameambiwa. Usikubali kupakwa mafuta ya harusi. Toka na mtoto.

Toka! Langoni pa boma wamekaa watu wa Longor. Nje wanawake wanachanganya mafuta na udongo mwekundu, wanaimba, shangazi zangu wamo. Longor ameshika mkuki, amevaa shati jipya. Ng'ombe anatafuna tu, hana habari.

Emanikor amesema hatachomwa mpaka nitoke nijibu kwa mdomo wangu, mbele ya wote, kama nakubali kuolewa. Kumbe ni swali lile lile la dirishani. Leo jibu ninalo: nilishaolewa zamani, na nilikwenda Lodwar kuomba kuachwa. Sijui nikilisema nani atakuwa wa kwanza kunifikia, Longor au kaka yangu.

Nabei yuko hapa kando yangu, bado na sare. Ameniuliza, "Mama, ukishawajibu, mimi nitakuwa wa nani?"

Nimemwambia afunge kamba za viatu, azikaze. Emanikor ananiita kwa jina la baba.