Nilimwandika Mzima

Kawetele,
S.L.P. 74,
Tukuyu.
14 Novemba 1993

Mpendwa mdogo wangu Amoni,

Ugonile, mwana wa mama. Hamjambo hapo Sengerema, wewe, wifi yangu Jenifer na watoto? Homa ya yule mdogo imekwisha? Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza mapema na utelezi umefika mlangoni, ukisikia nimevunjika kiuno usishangae. Baba anakohoa kama kawaida yake na anakataa dawa kama kawaida yake.

Barua yako ya Septemba niliipata. Umeandika kwamba siku hizi unakwenda kanisani, unakaa, unasimama, unaimba, halafu unarudi nyumbani vilevile ulivyokwenda. Ukaomba nikuombee, kwa kuwa mimi ndiye nguzo ya imani katika ukoo. Amoni, neno hilo la nguzo lilinipendeza mno, hata Baba nilimsomea. Nimechelewa kujibu kwa sababu ilinibidi kwanza niaibike.

Unakumbuka desturi yetu kabla ya Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa anapita nyumba kwa nyumba katika mtaa wake, anamuuliza kila mshirika: moyo wako haujambo, una ugomvi na mtu? Mwenye ugomvi hashiriki mpaka apatane. Kisha tunasoma majina kwenye baraza la wazee. Mimi nina nyumba kumi na tisa, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Sasa tangu biashara iwe ruksa, malori ya ndizi hayaishii Tukuyu tena, yanapanda mpaka huku kwetu, na anayeyakusanyia mikungu ni mimi. Nafasi ya kupita nyumba zote hizo naitoa wapi? Nikajiambia, watu wangu nawajua. Nikawa nakaa jikoni na daftari, chai pembeni, nawaandika wote: mzima, hana ugomvi. Mwaka mzima nimefanya hivyo, na usingizi nililala vizuri tu.

Mwisho wa mwezi wa tisa nikasimama barazani nikasoma. Nilipofika kwa Bibi Esnath, yule mjane wa ng'ambo ya kijito aliyetulea mama alipolazwa, nikasema, "Mzima, hana ugomvi." Mwinjilisti Hosea akainua kichwa.

"Mama, Esnath ana wiki ya sita hajatoka kitandani. Kaniambia Husseni, fundi cherehani, jirani yake. Mkewe ndiye anayempikia uji."

We Amoni! Baraza zima liliangalia sakafu. Na nikuambie ukweli, kwanza nilimkasirikia Hosea. Kwa nini aniumbue mbele za watu asiniite pembeni? Nilimsema njia nzima. Nyumbani nikafungua daftari, nikakuta nimemwandika Esnath mara nne, na mara zote nne sikuwa nimekwenda kwake.

Asubuhi nikaenda na maziwa. Nikamkuta Biubwa, mke wa Husseni, ametandika mkeka wake wa kuswalia pembeni, anamkanda bibi mguu uliovimba. Nikaketi. Nikauliza kwa sauti yangu ya barazani, "Bibi, moyo wako haujambo? Una ugomvi na mtu?"

"Ninao," akasema. "Na wewe."

Biubwa akachukua sufuria akatoka nje. Bibi akaendelea taratibu. "Nilikuwa nakusikia unapita na watu wa malori. Nikawa nasema, leo ataingia. Mwanangu, sisi unatuuliza. Wewe nani anakuuliza?"

Nililia tu. Nilimwomba msamaha, akasema bado, hawezi kusema imekwisha wakati haijaisha. Basi Jumapili ya Meza ya Bwana nilibaki kwenye benchi, mimi mzee wa kanisa, watu wote wakinipita kwenda mbele. Felista, jirani yetu, akaninong'oneza akiuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Tangu hapo nikawa nakwenda kwa bibi kila asubuhi. Biubwa uji, mimi maji na kuni. Siku nyingine lori liliondoka bila ndizi zangu, na roho iliniuma, sikufichi. Sala zenyewe zilikuwa kavu, kwa maana nilizoea kuwaombea wengine, mimi mwenyewe nikawa sijui nianzie wapi. Wiki ya tatu bibi akaniambia nilete daftari.

"Sasa andika. Esnath, mguu mbaya, hana ugomvi."

Nikaandika hivyohivyo. Mchungaji akatuletea Meza palepale kitandani, tukashiriki wawili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nguzo huna, una dada. Kanisani usiache kwenda hata kama unarudi mkavu. Lakini angalia vizuri, huenda hapo mtaani kwenu kuna mlango unaoupita kila siku. Ingia. Mimi nyumba zangu kumi na tisa nimezimaliza wiki jana, na katika tatu nilikuta mambo ambayo daftari halikuwa nayo.

Baba anawasalimu. Majirani, Felista na Ambindwile, pia, na Bibi Esnath anataka picha ya watoto. Uvimbe wa mguu umepungua, juzi alifika mlangoni kwa fimbo. Bwana awatunze ninyi nyote, kulala kwenu na kuamka kwenu.

Ukijibu, usianze na mvua wala ndizi. Niulize kwanza moyo wangu u hali gani, na nikikujibu kwamba ni mzima, niulize tena.

Dada yako akupendaye,
Elina