Uji Uliouomba Mara Mbili

Baba, shikamoo.

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa Mwazye, karibu na mafiga. Ni asubuhi. Shangazi Editha bado amelala, au anajifanya amelala ili asiongee na mimi, na sina haki ya kumlaumu. Jana tulikusomea misa ya mwaka mmoja. Watu walizidi viti, na upepo ulilirusha turubai mpaka padri mwenyewe akacheka. Ungefurahi. Lakini sikuandikii habari za turubai. Nakuandikia kwa sababu siku ya kifo chako nilidanganya, na aliyejua ukweli ni wewe peke yako.

Nilisema ulikataa kula.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaonjea wageni pombe? Kila nyumba huku mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue kikombe ni salama, ni funda moja tu na kazi imeisha. Wewe ulikuwa unaonja mpaka wageni wanakohoa. Mama alikuwa akikuambia, "Baba Skola, wabakizie watu." Nilijifunza kuonja kutoka kwako. Nilidhani ndiyo heshima ya juu kabisa ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake.

Halafu ikaja ile siku niliyochanganya mahindi ya gunia na dawa ya wadudu. Nilinawa mikono nikaenda kuwapikia wageni uji, na nilipokuwa nawamiminia likanijia wazo: je, kama dawa bado ipo vidoleni? Nikaonja. Wazo likarudi: je, kama nimeitia mwenyewe, kwa kusudi, nikasahau? Nikaonja tena. Tangu siku ile sikuonja kwa heshima hata mara moja. Nilikuwa naonja, nakaa natazama saa, nasubiri kama nitaumwa, halafu namwaga na kupika upya. Wageni walisema Skola ana mapishi ya polepole. Unga uliokuwa ukiniletea mjini kila mavuno, ule uliokuwa unaupakata kwenye basi usiloane, mwingi niliumwaga chooni. Nisamehe, Baba. Ulikuwa ukiniuliza umekwisha lini, nami nakuambia tumeula, ulikuwa mtamu.

Nilikueleza mara moja tu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na wewe, na nikasema bila kukutazama kwamba najiona kichwani nikiwawekea watu sumu. Uliacha kupukuchua. Kisha ukasema, "Mama, neno hilo lisitoke nje ya nyumba hii. Wakikusikia watakuita mchawi." Baba, najua ulikuwa unanikinga. Huku kwetu mtu hasemi kwamba anaona sumu mikononi mwake halafu akaendelea kukaa na majirani vizuri. Lakini nilichokisikia mimi siku ile ni kwamba hata wewe umenihofia kidogo. Nikafunga mdomo miaka sita.

Na wewe, bila kuniambia ni kwa ajili ya nini, ukanipeleka kwa yule mganga wa kule njia ya Laela. Alinichanja chale mgongoni na kusema kuna mtu katika ukoo anataka kunirithisha uchawi wake. Sijui kama alijua alichonifanyia. Nilirudi mjini nina hakika sasa kwamba uchawi umo mikononi mwangu. Pale kwenye zahanati nilisema silali, nikapewa dawa za usingizi, nikalala, nikaamka na mawazo yaleyale. Kwenye maombi niliombewa pepo wa woga. Kila mahali nilieleza nusu ya shida yangu, kwa hiyo kila mahali nilipewa dawa ya nusu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ulipougua, hospitali walikuruhusu uje kwangu mjini, na Shangazi alikuwa ndiye anayekupikia. Nilimwambia nina sare nyingi za shule za kushona, sina nafasi ya jikoni. Mchana ule alikwenda sokoni. Ukaniita, ukasema, "Skola, nitengenezee uji mwepesi. Koo limekauka." Nilifurahi, Baba, naapa nilifurahi. Nikapika. Nikaonja. Nikakaa kwenye ndoo nikitazama saa. Nikamwaga, nikaosha sufuria mara tatu, nikapika tena. Ukaita kutoka chumbani, "Bado?" Nikajibu, "Bado kidogo, Baba." Nikaonja. Nikaona mikono yangu inanuka dawa, na dawa yenyewe nilishaitupa miaka mingi nyuma. Nikamwaga na ule. Hukuita tena. Nilipoingia na uji wa tatu, mdomo wako ulikuwa wazi kidogo na umekauka.

Shangazi alirudi akanikuta na bakuli mkononi. Akauliza kama ulikuwa umekula chochote. Nikasema, "Alikataa." Neno moja. Sikujua atalifanyia nini. Msiba mzima alilirudia kwa kila aliyekuja: kaka yangu alijua anaondoka, alijifunga mdomo kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikaa mkekani nikiwa nimejifunika kanga, watu wakinipa pole, na kila pole ilinichoma.

Baada ya hapo niliacha kupika kabisa. Nikawa nakula vitu vyenye maganda tu, ndizi na mayai ya kuchemsha, kwa sababu ganda ni kitu ambacho mkono wangu haujafika ndani yake. Nikakonda. Nilikwenda hospitali nikisema ni vidonda vya tumbo. Daktari alinisikiliza, akaniuliza maswali mengine ambayo hayakuhusu tumbo, akanielekeza chumba cha afya ya akili. Kwenye benchi la nje alipita jirani yangu, nikamwambia nimemsindikiza mgonjwa. Unaona nilivyozoea.

Ndani kulikuwa na nesi, mama wa makamo anayefuma sweta wakati akisikiliza. Nilimwambia yote. Nilisubiri aite watu. Akauliza, "Hayo mawazo yakikujia, unayapenda?" Nikasema natamani nikate mikono yangu. Akasema, "Basi huo ni ugonjwa, na tunaufahamu. Mwenye nia ya kuua hakai jikoni akilia."

Nililia mpaka akaacha kufuma.

Alinieleza kwamba ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania, na vitendo unavyorudia ili yatulie. Kila nilipoonja, woga ulishuka kidogo, na kwa hiyo kesho yake ulidai nionje zaidi. Daktari alinipa vidonge, akanionya kwamba haviponyi kwa siku moja, nisubiri wiki kadhaa nisiache. Na nesi akanipa kazi: nipike uji, nisiuonje, nimletee yeye. Nilimmiminia kikombe. Akanywa chote. Nilimtazama saa nzima nikingoja aanguke, woga ukapanda mpaka nikataka kukimbia, halafu ukashuka wenyewe. Yeye akaomba kikombe kingine. Wiki iliyofuata nikampikia jirani. Nilimuuliza nesi, na desturi yetu je? Akasema, "Kwa sasa usionje kabisa. Ukipona utaonja kama watu."

Sijapona sawasawa. Wiki jana nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Lakini napika.

Jana, baada ya misa, nilimpelekea Shangazi kikombe cha kwanza cha togwa, hapahapa jikoni kwako. Alikipokea akanirudishia. "Onja kwanza, mama." Nikasema siwezi. Akanikazia macho, maana unajua asiyetaka kuonja huku anafikiriwa nini. Ningeweza kudanganya tena, nikasema tumbo linaniuma. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikamweleza ugonjwa wangu, mwanzo hadi mwisho, na nilipofika kwako sikuruka.

Alisema, "Kwa hiyo kaka yangu aliomba."

"Aliomba mara mbili, Shangazi."

Alikichukua tena kile kikombe mkononi mwangu. Nilimwona akizeeka. Nilikuwa nimemnyang'anya ile hadithi aliyokuwa akilala nayo mwaka mzima, nami sikuwa na kitu cha kumpa badala yake. Kisha akakiinua, akanywa bila kungoja nionje, akanywa mpaka mwisho, machozi yakimtoka. Akanipa kikombe kitupu akasema, "Jaza. Wageni wanangoja." Hajasema amenisamehe, na sikumuuliza.

Nilihudumia watu wote, Baba. Mikono yangu hii. Niliwaambia mimi ni mgonjwa na nimekatazwa kuonja, na mmoja wao akasema afadhali, maana baba yako angekuwa ameshatumalizia. Walicheka. Na mimi nilicheka, nikaona aibu kwa kucheka, halafu nikacheka tena.

Nakuahidi nitameza vidonge vyangu mpaka daktari aseme basi. Nitarudi kwa nesi kila nitakapoitwa, na nikikaa kwenye lile benchi nitasema nimekuja kwa ajili yangu. Unga wa mavuno haya nitaupika wote. Na Shangazi akiniuliza jambo lolote kuhusu mchana ule, nitamjibu, hata akiuliza lilelile kila siku.

Sasa nakuaga, maana sufuria inachemka. Ni ulezi wa shamba lako, mwepesi kama ulivyosema. Nimesikia mlango wa Shangazi ukifunguka. Labda atanisindikiza kaburini, labda hapana. Nakuja, Baba. Uji uko tayari, na sijauonja.

Mwanao,
Skola