Kumroga Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Sehemu ya nane ya tamthilia imekwisha. Baridi ya Tukuyu haina adabu, midomo ilikuwa mizito kama ya mlevi, lakini sikukosea hata neno. Leo nimekausha migomba kwa kidole na kumpofusha diwani. Jesca, anayecheza mdogo wangu, alirudia laana yake mpaka betri ya kamera ikabadilishwa. Mimi mara moja tu. Dairekta Salha akasema, "Imepita." Kwa Salha hiyo ni ngoma na vigelegele.

Nilipita sokoni kununua magimbi. Mwuzaji aliponiona akavuta beseni lake karibu na miguu. Wananiita Mama Chatu, maana kwenye tamthilia sisi dada watatu tuna chatu tumboni, kama wazee wa huku wanavyosema wachawi walivyo. Msimu wa kwanza walinong'onezana nikipita. Msimu huu wananisalimia kwa sauti, ila kwa mbali. Fundi wa sketi za shule, mimi huyu, natikisa soko zima. Nimelipenda jambo hilo kuliko inavyofaa.

Jumatano, 11 Juni

Skripti ya sehemu ya mwisho imekuja. Dada mkubwa, yaani mimi, anamkabili mzee wa ukoo aliyemfukuza mama yao. Anamtazama usoni, anamlaani, mzee anaanguka. Ukurasa mzima ni wangu. Misimu miwili nimeingoja hiyo laana.

Naikariri huku nashona. Mume wangu Ambwene anasema nimeshailaani cherehani, ndiyo maana inakata uzi.

Mzee mwenyewe sijamwona. Fredi, anayetafuta waigizaji wa huku, amempata kijijini Nkunga na wamesharekodi vipande vyake wakati sisi dada tulikuwa tunarekodi Mpuguso. Anamsifu: sura imejaa mikunjo, sauti ya kitemi. Tena kila akiniona anacheka peke yake. Mtu wa Mwanza, sijui anacheka nini.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu. Sina neno lingine.

Tulikwenda Nkunga, boma la zamani la jirani wa wakwe zangu. Nikatokea nyuma ya migomba, kaniki mwilini, majivu usoni, nimeshachemka. Mzee kwenye kigoda akainua kichwa.

Baba mkwe wangu.

Sikufikiri. Nilijifunika kaniki gubigubi nikachutama mferejini. Yeye naye akageuza kigoda akatazama ukuta. Watu wakacheka. Walidhani tumeongeza vichekesho.

Huku kwetu mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani uso kwa uso. Ukutila, ndivyo tunavyouita. Hatukai chumba kimoja. Njiani tukikutana mmoja anaacha njia. Jina lake silitamki, na humu pia siliandiki. Mjini wengi wameacha. Yeye hajaacha, nami tangu niolewe sijamvunjia hata siku moja. Miaka tisa namjua kwa kikohozi chake na mgongo wa koti lake.

Kumbe Fredi alijua ni baba mkwe wangu. Mzee mwenyewe alimwambia kwa majivuno kwamba mke wa mwanawe yumo. Fredi akaona ni zawadi nzuri ya kunishtukiza, mkwe na mkwe mbele ya kamera moja, akamwomba mzee asiseme nyumbani. Mzee hakuuliza zaidi. Kwake ilikuwa wazi kwamba hakuna mwenye akili atakayetukutanisha, basi akajua atalaaniwa na mdogo mtu.

Salha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tamthilia haiwezi kuisha kwa mchawi kukaa mferejini. Mzee habadilishwi, kazi yake nyingine yote imesharekodiwa. Kwa hiyo Jumanne namtazama usoni, au ukurasa wangu anapewa Jesca.

Jesca! Asiyeweza hata kulaani kuku.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kanisani na sikusikia mahubiri. Nina hasira na Salha, na Fredi, na Jesca ambaye hajafanya kosa lolote. Nimejaribu kujiambia kwamba ni maigizo tu. Haikuingia. Mwigizaji ni mimi na mkwe pia ni mimi, na uso ni huu huu mmoja.

Sitamtazama. Salha na wenzake wa Dar wanadhani ni woga. Si woga. Heshima hii nimeitunza kwa mikono yangu na ni mali yangu kama ilivyo mali yake. Na ule ukurasa pia ni mali yangu. Sitoi hata kimoja.

Jioni nilikuwa namenya ndizi ndipo likanijia. Mbona mimi na mzee tunaongea kila tukienda kwake? Mimi niko jikoni, yeye yuko upande wa pili wa ukuta. Namwambia mama mkwe kwa sauti kwamba mvua imeharibu maharage, na mzee anamjibu mbwa wake kwamba maharage ya bondeni yamepona. Tunaelewana kuliko wengi wanaokodoleana macho. Basi na laana ipite njia hiyo hiyo. Nimpe mgongo.

Likabaki la pili, zito zaidi. Kumpa mgongo ni sawa, lakini maneno yenyewe? Nani anamwambia baba wa mumewe kwamba hataliona jua likichwa? Bila ruhusa yake siwezi. Ambwene akaenda Nkunga kuuliza. Nilimenya ndizi za kutosha msiba.

Alirudi anajizuia kucheka. Mzee alimaliza kwanza chai yake, ndipo akasema: "Mwambieni aniue vizuri. Asinionee huruma mbele za watu."

Nimelia kidogo. Kisha nimekariri mpaka koo likauma.

Jumanne, 17 Juni

Nimeua.

Salha alikataa kwanza. Kamera inataka macho, alisema. Nikamwambia macho atayapata, yangu, mbele kabisa, na mzee awe nyuma yangu. Anijaribu mara moja, ikishindikana ukurasa apewe Jesca na mimi mwenyewe nitamshika mkono kumfundisha. Alikunja midomo. Akakubali.

Waliniita mzee akiwa amekwisha kaa, ameelekea ukutani. Nikakaa kwenye kigoda changu, nimempa mgongo, shina la mgomba kati yetu. Kamera ikawa karibu na pua yangu. Ukungu ulikuwa unashuka na hakuna aliyeuagiza.

Nilikuwa nimejiandaa kunguruma. Nilipofungua mdomo sauti ikatoka ndogo, ile ile ninayomwombea mama mkwe chumvi. Nikamwambia mzee wa ukoo kwamba mama yetu alitoka katika boma hili amenishika mkono, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nikamwambia mlango aliomfungia ndio atakaopitishwa miguu ikitangulia. Hataliona jua likichwa. Sikupaza hata neno moja.

Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Kisha fimbo ikianguka, kisha kitu kizito. Kidogo nigeuke kumtazama kama ni mzima. Sikugeuka. Nikaendelea kuitazama kamera mpaka machozi yakashuka juu ya majivu, na hayo hayakuwemo kwenye skripti.

Muda ukapita. Salha akasema, "Imepita." Akarudia tena, kwa sauti ya chini: "Imepita, dada."

Dada! Misimu miwili ananiita wewe.

Nilikaa pale pale mpaka mzee alipofika barabarani, nikiwa bado nimempa mgongo. Nilimsikia anaondoka huku akimweleza mtu kwamba kuanguka ni kazi, ila alipata udongo laini. Mzima kabisa. Mimi ni mwigizaji. Naliandika kwa sababu ni kweli na hakuna wa kunibishia humu.

Alhamisi, 19 Juni

Habari zimefika mjini kabla yangu. Mteja amekuja kuchukua sketi ya mwanawe, akauliza kwa upole kama baba mkwe wangu bado yu hai. Nikamwambia, "Leo amewahi shambani kabla hujaamka." Amelipa bila kuomba apunguziwe.

Mama mkwe ameleta mkungu wa ndizi. Mkubwa, haukubebeka na mtu mmoja. Mcheza kwao hutunzwa.

Jumapili, 5 Oktoba

Salha alituletea sehemu ya mwisho kwenye flashi kabla haijatoka hewani. Ambwene akabeba televisheni yetu tukaenda Nkunga. Ukoo mzima ukajaa sebuleni, na majirani madirishani. Mimi nilikuwa jikoni kama kawaida, mlango umeegeshwa.

Nilijisikia kupitia ukutani. Ajabu kusikia sauti yako mwenyewe ikilaani nawe unakoroga mboga. Waliponyamaza nikajua wamefika pale.

Baadaye mama mkwe aliingia, akakaa karibu na mafiga, akanieleza. Uso wangu ulipotokea umejaa kioo kizima, watu walimgeukia mzee waone kama atatoka nje. Hakutoka. Mtu mmoja akanong'ona kwamba labda wazime. Mzee akasema picha si mtu, akavuta kiti mpaka mbele kabisa. Pale alipoanguka mwenyewe, watoto wakishangilia, hata hakujiangalia. Alikuwa ananitazama mimi.

Alisema neno moja tu, mama mkwe akaniambia. Alisema, "Kumbe ndivyo alivyo."

Kisha akamwomba Ambwene airudishe. Nikaisikia sauti yangu ikianza tena, ndogo, upande wa pili wa ukuta. Nilipunguza moto, nikaketi, nikamwacha anitazame.