Baraza Iko Ejo

Jumatatu, 7 Juni 2021

Mhariri Mkuu! Mimi! Bwana Abubakari, mwenye Kilima Leo, tovuti yetu ya habari hapa Burundi, ametuita wote asubuhi — wote maana yake watu watatu na kompyuta mbili — akasema kuanzia leo Kasilda ndiye redakteri mkuu. Sababu? Kiswahili changu cha Tanzania. Nimezaliwa Ulyankulu, ukimbizini kule, nimesoma Tabora, basi anaona kila ninalotamka ni kamusi. Akaongeza kwamba mkuu ndiye anayejibu kila herufi inayotoka. Sawa! Nikatoa amri papo hapo: hakuna habari itakayopanda bila kupita kwangu. Nimenunulia wote maandazi.

Jumatano, 9 Juni

Kazi tele. Mchana Fredi ametuma ujumbe. Fredi ni mwandishi wetu wa mkoa wa Muyinga, mtu mzima, baba wa watoto sita, anazunguka tarafa yote ya Giteranyi kwa baiskeli. Nanakili ujumbe wake hapa maana umenichekesha: "Baraza ya mashamba iko Giteranyi ejo. Kesi ya mama Melania na Egidius iko ya kwanza. Weka mbio." Hiyo iko, iko! Nikaisafisha: Baraza la mashamba liliketi Giteranyi jana, na kesi ya kwanza ilikuwa ya Bi. Melania, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, na Bw. Egidius, ambaye kwa miaka mingi analima shamba aliloliacha mama huyo. Safi. Imepanda kabla ya saa tisa, na hadi jioni watu mia mbili wameisoma. Bwana Abubakari kanipigia: voilà, hicho ndicho Kiswahili!

Alhamisi, 10 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu!

Fredi kapiga saa nne na nusu. Kelele nyuma yake, watu wengi. Mama Melania iko wapi? Wanamwita mara ya pili, haonekani. Nikamwambia, baraza si lilikuwa juzi? Akapaza sauti:

"Mi niliandika ejo, redakteri. Ejo! Iko leo!"

Ejo. Kirundi kina neno moja tu kwa jana na kesho! Ninalijua hilo, nani asiyelijua? Lakini kule Ulyankulu mama yangu aliposema ejo alikuwa anasimulia Burundi — ng'ombe wa babu, nyumba waliyoiacha. Kwake ejo ilikuwa nyuma siku zote. Basi nikaona jana. Na hiyo iko haisemi imepita wala inakuja. Sikupiga simu kuuliza. Simu moja tu!

Nimebadilisha habari mbio. Nilipomaliza, Fredi akapiga tena. Imekwisha. Asiyefika anahesabiwa ameacha, shamba linabaki kwa Egidius.

Sijala kitu leo.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekwenda mtaa wa Yoba, kwa Anisia, binti yake Melania. Mama mwenyewe alikuwa uani anachagua maharage. Siku ya baraza alikuwa hajatajiwa, ila mzigo alikuwa ameufunga tangu Jumatatu: kitenge kizuri, karatasi zake za kurudi kutoka Tanzania, ndizi za njiani. Jumatano Anisia akamsomea habari yetu kwenye simu. Melania akafungua mzigo, akasema basi, wameniamulia bila mimi. Tangu hapo alikuwa anangoja gazeti liseme ameshinda au ameshindwa. Gazeti letu!

Nilimwambia baraza liliketi jana. Hakulia. Aliuliza tu:

"Jana ipi, mwanangu?"

Nikajibu gazeti lilikosea. Gazeti! Kana kwamba gazeti lina vidole. Nilikuwa na nafasi ya kusema "mimi" na sikuisema.

Anisia si mtu wa kukaa. Alimpigia katibu wa baraza palepale nikiwa nimesimama. Jibu: kesi inaweza kusikilizwa upya, lakini hadi Jumatano asubuhi iwe imefika barua yenye mhuri na sahihi ya Mhariri Mkuu, ikieleza nani alikosea na alikosea vipi. Itasomwa mbele ya watu wote Giteranyi. Nikasema barua mtaipata. Nimelisema hilo kwa sauti kubwa kabisa.

Jumamosi, 12 Juni

Siamini. Siamini!

Egidius amekuja ofisini na jogoo. Amesafiri kutoka Giteranyi, jogoo kafungwa miguu, akamweka juu ya meza yangu, mbele ya Bwana Abubakari.

"Mi niko na watoto saba pale, redakteri. We umetusaidia. Urakoze cane!"

Ananishukuru! Anadhani nilifanya makusudi! Nikamwambia hapana, baba, ni kosa, ni bahati mbaya. Akanikonyeza. Kila nilivyokana ndivyo alivyozidi kunisifu kwamba najua kuficha. Na si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniuma. Viganja vyake vimepasuka kwa jembe. Amelima pale miaka zaidi ya thelathini, hana pengine. Akaondoka mbio kuwahi gari. Bwana Abubakari akanitazama mimi, kisha akamtazama jogoo. Nimempeleka jogoo stendi nikamkabidhi dereva wa Muyinga amrudishe. Watu wote pale walicheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Jumatatu, 14 Juni

Barua iko tayari. Bwana Abubakari ameichapa mwenyewe jana. "Mwandishi wetu wa Giteranyi, Fredi, alituma tarehe isiyo sahihi." Palipobaki ni pa sahihi yangu tu.

Nikamwonyesha ujumbe wa Fredi kwenye simu. Hakuna tarehe isiyo sahihi, kuna mhariri asiyeuliza! Nikamkumbusha maneno yake, kwamba mkuu anajibu kila herufi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mi nakulinda, Kasilda. Ule jogoo watu walimuona. Ukisema hii kosa iko yako, watasema ulinunuliwa, na tovuti inafungwa. Donc, basi, Fredi aibebe. Nani anamjua Fredi?"

Nani anamjua! Giteranyi nzima inamjua! Nyumba yake inatazamana na shamba lenyewe. Ikisomwa barua hiyo, watasema kamuuza mama Melania kwa Egidius. Atapita njia gani na baiskeli yake?

Nimekataa. Kisha nimesema nitafikiria. Yote mawili ndani ya dakika tano.

Jumanne, 15 Juni

Naandika nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji. Sina muda.

Wako ndani: Bwana Abubakari, Melania, Anisia na Fredi. Fredi nilimwita mimi, ametoka Muyinga alfajiri, ili nimwombe msamaha mbele ya wote. Ndivyo nilivyopanga, nilijisemea njia nzima kutoka nyumbani. Mezani kuna barua mbili: ya bwana, na yangu niliyoandika jana, mistari minne, kosa ni langu, jina langu.

Melania akakaa, akaweka mikono magotini. Akauliza kwa upole nani aliandika lile neno "jana".

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Mi," Fredi akasema. "Iko mi, mama. Unisamehe."

Hakunitazama hata! Bwana Abubakari alimpokea mlangoni kabla yangu, wakanong'ona. Sijui alimwambia nini, ila najua watoto sita wanakula kwa kazi hii. Na mimi? Mhariri Mkuu, msahihishaji wa iko za watu? Nilifunga mdomo. Nilisikia nafuu! Mungu anisamehe, nafuu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Melania akamshika Fredi mkono, akasema yamekwisha, kila mtu hukosea. Kisha akanigeukia. Asante mwanangu, wewe ndiye uliyekuja Yoba kuniambia ukweli.

Nikasema asante, mama. Asante! Nimelitamka kwa mdomo huu. Kisha nikasingizia nakwenda kunawa.

Gari la Giteranyi linaondoka saa sita na barua lazima iondoke nalo. Sasa ni saa sita kasorobo. Mhuri umeshagongwa, nimeusikia, na najua umegongwa kwenye barua ya bwana. Bwana Abubakari anavuta droo moja moja. Anamuuliza Fredi, anamuuliza Anisia. Wanatafuta kalamu niitie sahihi. Ofisi nzima kalamu ni moja, na ninayo mimi, ndiyo hii.