Nyota Mbili na Mama yake Chebet

Dada Akinyi,

Hapa Sosiot, nilikokuja kumposa Chebet, kuna baridi na chai tamu. Mimi msomi wa nyota sijaona hata moja, ni mawingu tu. Mama yake Chebet alinipa mursik, maziwa yao ya mgando, akauliza nasomea nini ng'ambo.

Nikasema, "Nyota mbili zikizungukana huku kila moja iko mbali sana na mwenzake, kitu kizito kisichoonekana kikipita karibu kinazitenganisha. Tukihesabu zilizobaki pamoja, tunajua vitu hivyo ni vingi kiasi gani angani."

"Na wewe unarudi huko, Chebet abaki hapa?"

"Ndiyo, Mama. Kwa muda tu."

Alicheka mpaka machozi. "Basi harusi kwanza, ndege baadaye, kitu hicho kisije kikapita kati yenu."

Nami niliogopa kukataliwa! Mwambie Baba afue suti. Nawapenda, mkae salama.

Ouma