Daftari la Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla pumzi haijaniishia, kwani nina jambo nililolificha miaka kumi na miwili: daftari linalosomwa kuliko yote katika maktaba ya kidijitali niliyoijenga ni la mdogo wangu wa kike, na mimi ndiye niliyeandika kwenye rekodi yake, "Mwandishi hajulikani".

Nilikuwa mkutubi wa chuo, tukipiga picha za madaftari ya zamani ukurasa kwa ukurasa ili watu wayasome kwa simu, na hili la hadithi za watoto nililitoa kwenye sanduku la marehemu mama, ukurasa wa kwanza haupo, nikajiambia pasipo jina sina ushahidi, ingawa mwandiko wake naujua kama sauti yake, na yeye ndiye aliyeachishwa shule ili mimi nisome, kisha tulipofanya tathmini ya usomaji nikaona wasomaji wanaziruka makala zangu zote nilizoziweka humo wanakwenda kwake, wivu ukanishika, nikanyamaza. Sasa ndiye anayeniuguza. Juzi alikuwa akininywesha chai huku anasoma simu kwa miwani yangu, akacheka: "Kaka, huyu Hajulikani wenu ana maneno! Ukimwona nisalimie." Chai ikanipalia. Nifanye nini?

*

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa maradhi, ila kwa hili sikupi pole. Mdogo wako anajua. Nani asome maneno yake mwenyewe asiyatambue? Amekufungulia mlango kwa mzaha, wewe ukakohoa. Usimwachie wosia, mwambie leo, kwa mdomo. Kisha mpigie simu mkutubi aliyeshika nafasi yako, arekebishe rekodi na akusomee jina aliloliandika, mdogo wako akisikia. Na huo ukurasa wa kwanza ulikwenda wapi? Sanduku la mama halina meno.

*

Marahaba, mwanangu. Nimemwambia. Alinifuta kidevu, akasema, "Kunywa basi, inapoa." Jana jina lake limeingia. Limebaki swali lako, na kwa kuwa yeye ndiye anayenisomea gazeti hili, naomba alikute jibu hapa. Ukurasa wa kwanza ninao, chini ya mto. Una jina lake, na chini ya jina, kwa mkono wa mtoto wa miaka kumi na mitatu: "Kwa kaka. Akirudi likizo anisahihishie."

Niliuchana mwenyewe.