Mume Anamtazama Mjomba, Mjomba Anamtazama Mume

Ndugu Mshauri, salamu nyingi, nina jambo na nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Marehemu dada yangu Somoe alifariki akijifungua mtoto wa saba, hapa hapa Mpapura, na hadi leo nikikaanga korosho namwona anavyozichambua, nzima anatugawia sisi wadogo zake, zilizovunjika anakula yeye. Nami nilipojifungua wa sita nilitokwa damu nyingi, nikamwomba nesi nifungwe kizazi kabla sijatoka wodini, akasema, "Mama, mpaka mumeo akubali." Mume wangu Saidi alipokuja akasema, "Mimi sikatai, lakini kwa mila zetu watoto ni wa ukoo wa mama, mjomba wako atasema nimewamaliza," basi tukampelekea habari mjomba Issa kule Madimba, naye akajibu, "Hospitali imemtaka mume, mimi naingiaje?" na katika kutazamana huko nikarudishwa nyumbani vile vile. Sasa nina mimba ya saba, kama dada. Lakini juzi mjomba alikuja mwenyewe, akasema, "Somoe nilimzika. Wewe nenda ukajifungue, ufungwe hapo hapo, nitakusindikiza." Ndugu Mshauri, nililia kwa furaha, na tangu hapo napata usingizi. Tatizo ni Saidi, amenuna, anasema, "Akienda mjomba, mimi nakwenda kufanya nini, kushika mkoba?" Niende na nani?

Mwanaisha, Mpapura

Dada Mwanaisha, pole kwa kufiwa, na pole kwa kurushwa huku na huku wakati mwenye tumbo ni wewe. Wanaume hao hawakukukatalia, kila mmoja aliogopa lawama za mwenzake. Ila nawe, mbona ulingoja mpaka uko kitandani, hoi, ndipo uombe? Usirudie. Nenda kliniki wiki hii, usisubiri uchungu, na nenda nao wote wawili. Wa kwanza kusema mbele ya daktari uwe wewe: "Nimetaka mwenyewe." Saidi aseme amekubali, maana ndiye wanayemtaka hospitali ya hapo kwenu, na mjomba asikie kwa masikio yake. Daktari umweleze ile damu, na ukajifungulie hospitali, nyumbani hapana.

Shemeji Saidi, acha kununa. Mkoba huo una nguo za mwanao. Ushike.

Nawe mdogo wangu, ukirudi salama, kaanga korosho. Safari hii zile nzima ule wewe.